Prosesa Inapoliwa na Mtandao: Mwongozo Kamili wa Kumsaka Mla

Feni inavuma, kipanya kinaburuta miguu, na Task Manager inasema prosesa iko asilimia 40 wakati hujafungua kitu zaidi ya kivinjari. Ukizima Wi-Fi, kompyuta inatulia. Ukiiwasha, kelele inarudi.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kitufe cha "Network reset". Wanapoteza nywila za Wi-Fi na mipangilio ya VPN, kisha baada ya siku mbili tatizo liko palepale. Wametibu kabla ya kupima. Mwongozo huu unaanza na kupima, na kitufe hicho kinakuja mwisho kabisa. Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11. Wa Linux wana sehemu yao karibu na mwisho.

## Andaa hivi kwanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo, nusu ya amri zilizo hapa zitakataa.
- Kebo ya Ethernet, hata ya kuazima.
- Simu yenye data na kebo yake ya USB. Itakuwa njia ya pili ya intaneti, yenye draiva (programu inayokiendesha kifaa) tofauti na mtandao tofauti.
- Flashi yenye draiva ya kadi yako ya mtandao, iliyopakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ipakue sasa. Ukishaondoa draiva iliyopo huenda usiwe na intaneti ya kupakulia nyingine.
- Process Explorer (ya Sysinternals, yaani Microsoft) na LatencyMon (ya Resplendence). Zote ni za bure.
- Daftari. Utaandika namba, na kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Kama kompyuta ni ya kazini, ongea na msimamizi wa mifumo kabla ya kugusa VPN, ngome ya mtandao (firewall) au antivirasi. Huenda mipangilio hiyo inarudishwa kutoka kwenye seva kila unapoibadilisha, ukabaki unatwanga maji kwenye kinu.

## Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni mtandao kweli

Washa upya kompyuta kwa "Restart", si kwa "Shut down". Fast Startup ikiwa imewashwa, "Shut down" huhifadhi hali ya kiini cha mfumo (kernel) pamoja na draiva zake, kisha kuirudisha ilivyokuwa. Draiva iliyoharibikiwa jana huamka nayo leo.

Subiri dakika 10. Mara tu baada ya kuwaka, kompyuta hukagua masasisho na virusi, kwa hiyo vipimo vya mwanzo vitakudanganya. Kisha pima mara nne, dakika mbili kila kipimo, bila kufungua programu yoyote zaidi ya Task Manager (Ctrl+Shift+Esc):

1. Ukiwa kwenye mtandao unaoleta shida, tuseme Wi-Fi.
2. Bila mtandao kabisa: kebo nje, hali ya ndegeni imewashwa.
3. Kwa kebo kutoka rauta ileile, Wi-Fi imezimwa.
4. Kwa data ya simu kupitia USB, Wi-Fi ya simu na ya kompyuta zote zimezimwa.

Namba hizo zisome hivi. Kipimo cha 2 kikiwa juu kama cha 1, shida si mtandao. Funga mwongozo huu utafute kwingine. Cha 1 kikiwa juu lakini cha 3 na cha 4 viko chini, kadi ya Wi-Fi au draiva yake ndiyo ya kushukiwa. Cha 1 na cha 3 vikiwa juu na cha 4 kiko chini, mtandao wenyewe una kasoro: nenda moja kwa moja hatua ya 7. Vyote vyenye intaneti vikiwa juu, mla ni programu inayokaa juu ya kadi, kama VPN, antivirasi au huduma ya Windows.

Ikiwa kompyuta yako inatumia kebo siku zote, badilisha nafasi za 1 na 3.

## Hatua ya 2: Mpate kwa jina

Rudi kwenye mtandao unaoleta shida. Katika Task Manager fungua kichupo cha "Details", kisha bofya kichwa cha safu ya CPU ili walaji wakubwa wapande juu. Puuza "System Idle Process". Hiyo ni nguvu isiyotumika. Chini yake utakuta mmoja kati ya hawa wanne.

svchost.exe. Hili ni ganda tu. Ndani yake kuna huduma moja au zaidi. Andika PID yake (namba ya utambulisho iliyo kwenye safu ya "PID"), fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika, ukiweka namba yako mahali pa 1234:

`tasklist /svc /fi "PID eq 1234"`

Utaona jina la huduma, mfano Dnscache au WlanSvc. Nenda hatua ya 4. Usibofye "End task" kwa svchost: baadhi ya huduma hufufuka papo hapo, nyingine hukata mtandao, na chache zinaweza kuiangusha kompyuta nzima.

System. Hapa ndipo draiva hufanyia kazi. Fungua Process Explorer kama msimamizi, bofya mara mbili "System", nenda kichupo cha "Threads", panga kwa CPU. Kwenye safu ya "Start Address" utaona majina ya mafaili yanayoishia na .sys. Kwa mfano, jina linaloanza na Netwtw ni draiva ya Wi-Fi ya Intel, rt640x64.sys ni ya kadi za kebo za Realtek. Faili usilolijua litafute kwenye C:\Windows\System32\drivers, fungua "Properties" yake, kisha kichupo cha "Details" kikuambie ni la kampuni gani.

Hapa watu wengi huteleza: wanaona ndis.sys au tcpip.sys, wanahukumu kwamba Windows ndiyo mbovu. Ndis.sys ni bawabu. Kila pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) ya kila kadi hupita mlangoni kwake, kwa hiyo jina lake litaonekana hata kama fujo inaletwa na mgeni. Mtafute asiye wa Microsoft anayetajwa karibu naye.

System interrupts. Hii si programu. Ni hesabu ya muda ambao prosesa inautumia kuitikia vifaa vinavyobisha hodi. Nenda hatua ya 3.

Programu yenye jina lake, kama VPN, antivirasi au programu ya kusawazisha mafaili. Nenda hatua ya 5.

Kabla ya kusonga, angalia kama namba inacheza au imeganda. Kwenye prosesa yenye viini 8 vya kimantiki (logical processors), kiini kimoja kilichojaa ni asilimia 12.5, na kichupo cha "Details" kitaandika 12 au 13. Kwenye viini 4 ni 25. Kwenye 16 ni kama 6. Mla akiganda juu ya namba hiyo dakika nzima bila kutikisika, basi kazi moja imenasa kwenye mzunguko usioisha, na hiyo ni hitilafu ya programu au draiva. Ikipanda na kushuka kufuata kasi ya upakuaji, ni kazi halali inayofanywa kwa gharama kubwa. Tiba zake hazifanani.

## Hatua ya 3: Kama ni "System interrupts"

Chomeka chaja, kwa sababu prosesa iliyopunguzwa kasi ili kuokoa betri hupotosha vipimo. Fungua LatencyMon, bonyeza kitufe cha kuanza, kisha pakua faili kubwa kwa dakika 5 hadi 10. Fungua kichupo cha "Drivers" na upange kwa "Total execution". Ikiwa ndis.sys, tcpip.sys au draiva ya kadi yako ndiyo ya kwanza, umempata. Ikiwa wa kwanza ni draiva ya sauti au ya kadi ya picha, mtandao hauna hatia.

Uzito huu unatoka wapi? Laini ya gigabiti 1 ikijaa pakiti za kawaida za baiti 1,500, hupitisha pakiti kama 81,000 kwa sekunde. Ikijaa fremu ndogo kabisa za baiti 64, hufikia karibu milioni 1.49. Kasi ni ileile, lakini hodi ni mara 18. Ndiyo maana mtandao unaoonekana hauna shughuli kubwa unaweza kuchosha prosesa: hesabu ya pakiti ndiyo inayochosha, kuliko ukubwa wake.

Fungua Device Manager (devmgmt.msc), kisha "Network adapters", bofya mara mbili kadi yako, nenda kichupo cha "Advanced". Viangalie hivi:

- "Interrupt Moderation" iwe "Enabled". Hukusanya pakiti kadhaa ili hodi iwe moja.
- "Receive Side Scaling" iwe "Enabled". Hugawa kazi kwa viini vingi. Ikizimwa, kiini kimoja hubeba mzigo wote.
- "Large Send Offload" na zile za "Checksum Offload" ziwe zimewashwa. Hizi huiachia kadi kazi ya kukata na kukagua pakiti.

Miongozo ya wachezaji wa gemu hupenda kushauri vyote hivi vizimwe ili kupunguza kuchelewa. Unachookoa ni sehemu ndogo sana ya milisekunde. Unacholipa ni prosesa. Kama uliwahi kufuata ushauri huo na hukumbuki uligusa nini, rudisha vyote vya kiwandani kwa PowerShell ya msimamizi:

`Reset-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -DisplayName "*"`

Badilisha "Ethernet" kwa jina la kadi yako. Amri ya `Get-NetAdapter` itakuonyesha. Muunganisho utakatika sekunde chache, usishtuke. Kadi nyingi za Wi-Fi hazionyeshi mipangilio hii yote, na hilo ni kawaida.

Ukifanikiwa, "System interrupts" itakaa chini ya asilimia 1 kompyuta ikiwa imetulia.

## Hatua ya 4: Kama ni huduma ya Windows

Dnscache. Angalia kwanza ukubwa wa faili la hosts lililo C:\Windows\System32\drivers\etc. Lililotoka kiwandani halifiki kilobaiti 1. Ukikuta ni megabaiti kadhaa, uliwahi kuweka orodha ya kuzuia matangazo, na huduma hii inahangaika na makumi ya maelfu ya mistari. Libadilishe jina liwe hosts.zamani, kisha andika `ipconfig /flushdns` na uwashe upya. Matangazo yazuiwe kwenye kivinjari au kwenye rauta. Dnscache yenyewe usiizime.

DoSvc. Hii hugawana masasisho na kompyuta nyingine. Ndani ya "Settings", tafuta "Delivery Optimization" na uzime ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine.

BITS na wuauserv. Ni masasisho yanayoshuka. Ziache zimalize, hata saa nzima. Ukizikata kila siku, kila siku zitaanza upya.

WlanSvc. Kwa kawaida kadi inapoteza mawimbi na kutafuta upya bila kuchoka. Andika `netsh wlan show wlanreport` kama msimamizi. Windows itatengeneza ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ukiona kukatika kila baada ya dakika chache, sogeza kompyuta karibu na rauta upime tena. Futa pia mitandao ya zamani usiyoitumia kwa `netsh wlan delete profile name="jina"`.

NlaSvc au netprofm. Hizi hufanya kazi kila mtandao unapobadilika. Andika ncpa.cpl kwenye dirisha la Run uangalie kama kuna adapta inayowaka na kuzimika yenyewe, mara nyingi ya VPN iliyokwisha kuondolewa au ya mashine pepe. Izime kwa kitufe cha kulia cha kipanya, "Disable".

BFE au mpssvc. Ngome ya mtandao imerundikiwa kanuni. Hesabu kwa PowerShell: `(Get-NetFirewallRule).Count`. Mia kadhaa ni kawaida. Ukikuta maelfu, programu fulani imekuwa ikiongeza kanuni ileile tena na tena. Weka nakala kwanza, `netsh advfirewall export C:\ngome.wfw`, ndipo `netsh advfirewall reset`. Programu chache zitakuomba ruhusa upya. Hiyo ndiyo gharama yake.

## Hatua ya 5: Vua tabaka za VPN na antivirasi

Kufunga VPN hakuiondoi njiani. Nyingi huacha kichujio kilichogandishwa kwenye kadi, na kila pakiti hupita humo hata kama programu haionekani popote. Viorodheshe:

`Get-NetAdapterBinding -Name "Wi-Fi"`

Vinavyoanza na ms_ ni vya Windows, viache. Vinavyobaki, kama kichujio cha VPN, cha antivirasi, au Npcap inayowekwa pamoja na Wireshark, vizime kimoja kimoja, ukipima dakika mbili baada ya kila kimoja:

`Disable-NetAdapterBinding -Name "Wi-Fi" -ComponentID jina`

Kurudisha, tumia Enable mahali pa Disable. Ukizima vitatu kwa mpigo na kompyuta ikatulia, hutajua dawa ilikuwa ipi, na ndivyo watu wanavyoishia kuondoa programu isiyo na kosa. Tahadhari moja: kichujio cha VPN kikizimwa, usidhani data yako bado inalindwa.

Ukimpata, ondoa programu nzima, washa upya, pima, kisha weka toleo jipya.

Kwa VPN ambayo inakula wakati wa kupakua tu, hakuna kilichoharibika. Ni kazi ya kusimba data. Kama unatumia OpenVPN, jaribu itifaki ya WireGuard au IKEv2 ndani ya programu hiyohiyo. OpenVPN ya kawaida husafirisha kila pakiti kutoka kwenye kiini cha mfumo hadi kwenye programu na kuirudisha, na safari hizo zina bei.

Antivirasi nazo nyingi hufungua trafiki ya HTTPS, huikagua, kisha huisimba tena. Zima ukaguzi huo wa wavuti kwa dakika 5, fungua tovuti moja unayoiamini, pima, rudisha.

Kama programu inayokula huijui kabisa, tazama ina miunganisho mingapi:

`Get-NetTCPConnection | Group-Object OwningProcess | Sort-Object Count -Descending | Select-Object -First 10 Count,Name`

Safu ya pili ni PID. Programu usiyoiweka wewe, yenye mamia ya miunganisho, ikaguliwe virusi kwa Microsoft Defender Offline kabla ya jambo lingine lolote.

## Hatua ya 6: Draiva

Kwenye Device Manager fungua kadi yako, kichupo cha "Driver", na uandike toleo na tarehe. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, bonyeza "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa hakibonyezeki, hakuna toleo la awali lililohifadhiwa.

Vinginevyo, ondoa kwa "Uninstall device" na uweke alama kwenye kisanduku cha kufuta pia programu ya draiva. Watu husahau kisanduku hiki, kisha Windows inawarudishia draiva ileile mbovu na wao wanasema "nimeshaweka mpya". Washa upya, weka ile iliyo kwenye flashi, hakikisha namba ya toleo imebadilika kweli.

Kwa laptopu anza na draiva ya mtengenezaji wa laptopu. Programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke. Huleta zisizolingana, na baadhi yake zenyewe ni walaji.

## Hatua ya 7: Mtandao wenyewe ukiwa mgonjwa

Dalili yake ni kwamba kompyuta zaidi ya moja zinalemewa kwa pamoja, na taa za swichi zinapepesa zote kwa kasi moja. Pima kwa amri hii, subiri sekunde 10, irudie, toa, gawanya kwa 10:

`Get-NetAdapterStatistics -Name "Ethernet" | Format-List Received*`

Angalia ReceivedBroadcastPackets. Kwenye mtandao mdogo uliotulia, tofauti huwa pakiti chache kwa sekunde. Ikiwa ni maelfu, kuna dhoruba ya matangazo: pakiti zinazotumwa kwa wote zinazunguka bila kufika mwisho. Mara nyingi chanzo ni kebo moja ambayo ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile, au swichi mbili zilizounganishwa kwa kebo mbili. Chomoa kebo moja moja kwenye swichi huku ukitazama taa. Zikitulia ghafla, kebo uliyoishika ndiyo.

## Hatua ya 8: Kitufe cha mwisho

Vyote vikishindikana, anza na `netsh winsock reset` na `netsh int ip reset`, kisha washa upya. Bado? Andika kando nywila za Wi-Fi, anwani ya IP kama uliiweka mwenyewe, na taarifa za VPN; ndipo utumie "Network reset" iliyo ndani ya "Settings". Huondoa kadi zote na kuziweka upya, na VPN huenda ukalazimika kuziweka tena.

## Kwa wa Linux

Andika `top`. Ukiona ksoftirqd, ni mafuriko ya pakiti: tazama `watch -n1 cat /proc/interrupts` uone kama mstari wa kadi yako unapaa kwenye kiini kimoja tu, na `ethtool -k` ikifuatwa na jina la kadi uone kazi gani kadi imeachiwa.

Ukiona NetworkManager, fuatilia `journalctl -u NetworkManager -f`. Mistari ikimiminika ikitaja veth, kuna kontena la Docker linaloanguka na kuwashwa upya mfululizo, na kila mara linazaa kadi pepe mpya. Rekebisha kontena hilo kwanza. Kisha iambie NetworkManager isijishughulishe na kadi hizo, kwa faili /etc/NetworkManager/conf.d/99-docker.conf lenye mistari hii miwili:

`[keyfile]`
`unmanaged-devices=interface-name:veth*;interface-name:docker0`

Maliza kwa `sudo systemctl restart NetworkManager`. Usiifanye hii kupitia SSH bila njia nyingine ya kuingia.

## Utajuaje umefaulu

Rudia vipimo vya hatua ya 1. Kompyuta ikiwa imetulia, tofauti kati ya kuwa na mtandao na kutokuwa nao isizidi asilimia 1 au 2. Kisha ilaze kompyuta dakika 10, iamshe, pima tena: draiva nyingi mbovu hutulia baada ya kuwasha upya na kuanza vurugu baada ya usingizi. Ikipanda hapo tu, rudi hatua ya 6, fungua kichupo cha "Power Management" cha kadi, na uondoe alama kwenye ruhusa ya kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme.